Walowezi weusi wa Victoria: walipewa jembe, wakanyimwa mkeka

Neno "mlowezi" halina harufu nzuri masikioni mwetu. Likitajwa tu, tunawaona Wazungu waliojitwalia nyanda za juu za Kenya, wakazizungushia seng'enge na kuwageuza wenyewe kuwa vibarua katika ardhi ya baba zao. Au tunaikumbuka Rhodesia, ambako mwaka 1965 walowezi wachache walijitangazia uhuru wao ili kuwanyima uhuru walio wengi. Hata hivyo, asili ya neno lenyewe haina ubaya. Kulowea ni kuhamia mahali pa ugenini na kupazoea hata pakawa kwako. Mtu aweza kulowea kwa upanga; na mtu aweza pia kulowea kwa kuukimbia upanga.

Leo nakuomba tufunge safari ndefu mpaka magharibi ya Kanada, katika pwani ya Bahari ya Pasifiki, ambako katikati ya karne ya 19 walifika walowezi wa aina hiyo ya pili. Walikuwa watu weusi, wajukuu wa Afrika waliozaliwa Marekani. Baadhi yao walizaliwa watumwa, wengine waungwana. Walikwenda katika koloni la Mwingereza wakitafuta jambo moja tu, nalo ni kuishi kama watu. Kisa chao kinamgusa kila aliyepata kufunga mizigo yake akaenda kutafuta maisha mahali asipojulikana, kwa kuwa kinauliza swali gumu: je, kukaribishwa ni sawa na kupokewa?

MJI KWENYE NCHA YA KISIWA

Kisiwa cha Vancouver kimelala ubavuni mwa bara la Kanada kwa urefu wa zaidi ya kilomita 450. Kwenye ncha yake ya kusini ndipo ulipo mji wa Victoria, makao makuu ya jimbo la British Columbia. Msafiri atokaye bara hupanda kivuko, na kwa muda wa saa moja na nusu hivi hupita katikati ya visiwa vidogo vilivyofunikwa na misonobari mpaka ukingoni mwa maji. Ng'ambo ya mlango wa bahari, upande wa kusini, huonekana milima ya Marekani yenye theluji. Mji wenyewe ni wa bustani, majengo ya mawe na watembezi wasio na haraka.

Mwanzoni mwa mwaka 1858 hapakuwa na hayo. Palikuwa na ngome ya biashara ya Kampuni ya Hudson's Bay, iliyojengwa mwaka 1843, na kando yake kijiji cha watu mia chache tu. Kuizunguka ngome ile waliishi wenyeji wa asili, Walekwungen, waliokuwa wakivua samaki na kuchimba mizizi ya chakula katika nchi hiyo kwa muda usiohesabika. Wakumbuke wenyeji hao, msomaji, maana tutarudi kwao.

Mtawala wa koloni alikuwa Gavana James Douglas. Alizaliwa Guiana ya Waingereza mwaka 1803. Baba yake alikuwa Mskoti, na mama yake alikuwa chotara muungwana mwenye asili ya Afrika. Mkewe, Amelia, alikuwa na damu ya Wakree, wenyeji wa asili wa Kanada. Bwana huyo aliitawala nchi kwa mkono mzito, lakini rangi ya mtu haikumtisha.

KODI YA KICHWA BILA HAKI

Kwa nini mtu aache nyumba yake, duka lake na makaburi ya wazee wake, akaanze upya penye mwitu na baridi? Jibu liko California. Jimbo hilo liliingia katika Muungano wa Marekani mwaka 1850 likiwa na katiba inayokataza utumwa. Kwa maandishi, mtu mweusi alikuwa huru. Lakini sheria nyingine ya jimbo hilo hilo ilimkataza kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya Mzungu. Fikiri maana yake: Mzungu aweza kuingia dukani mwako, akachukua mali yako na kukupiga mchana kweupe, nawe huna mdomo mbele ya hakimu.

Mambo hayo yalitukia hasa. Katika mji wa San Francisco walikuwako wafanyabiashara wawili weusi, Peter Lester na Mifflin Wistar Gibbs, waliokuwa na duka zuri la viatu. Gibbs alizaliwa Philadelphia mwaka 1823, muungwana lakini maskini, akafiwa na baba angali mtoto, akajifunza useremala. Alipofika San Francisco mwaka 1850 mafundi wa Kizungu walikataa kufanya kazi pamoja naye. Akaweka randa chini, akashika brashi na kung'arisha viatu vya watu mitaani mpaka akapata mtaji. Siku moja Wazungu wawili waliingia dukani humo, na Lester akapigwa kwa bakora. Hapakuwa na mahali pa kushitaki.

Wakati huo huo serikali iliwataka walipe kodi ya kichwa sawasawa na wapiga kura, ilhali wao hawakuruhusiwa kupiga kura. Mwaka 1857 Gibbs na Lester walikataa. Bidhaa zao zikakamatwa, zikapelekwa mnadani. Rafiki mmoja akapita katikati ya umati akiwasihi watu wasinunue. Hakuna aliyetaja bei, na mali ikarudishwa. Ulikuwa ushindi mdogo mbele ya wimbi kubwa, kwa maana mwaka huo huo wa 1857 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Dred Scott, iliamua kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au muungwana, hawezi kuwa raia wa nchi hiyo.

Mwaka uliofuata kijana mmoja aitwaye Archy Lee, aliyeletwa California kutoka Mississippi na bwana wake, alidai uhuru wake. Majaji wa jimbo walikiri kwamba sheria ilikuwa upande wake, kisha wakaamuru arudishwe kwa bwana wake kwa sababu bwana huyo alikuwa kijana tena mgonjwa! Watu weusi wa San Francisco walichanga fedha, wakaendelea na shauri mpaka Lee akaachiwa huru mwezi Aprili 1858. Lakini bungeni ulikuwa umekwisha letwa muswada wa kuwazuia watu weusi kuingia jimboni. Hapo wazee wakatambua kwamba mlango unafungwa, na kwamba aliye ndani naye hana salama.

SAFARI YA MELI YA COMMODORE

Mwezi huo wa Aprili walikutana katika kanisa la Zion. Mbele yao alisimama nahodha Jeremiah Nagle wa meli iitwayo Commodore, akawaeleza habari za koloni la Kisiwa cha Vancouver. Tarehe 20 Aprili 1858 watu weusi 35 walipanda meli hiyo, wakiwa wametangulia ili kuitazama nchi. Pamoja nao walikuwamo mamia ya Wazungu waliokimbilia dhahabu iliyokuwa imegunduliwa katika Mto Fraser. Siku ya Jumapili, tarehe 25 Aprili, meli ilitia nanga Victoria. Archy Lee naye alikwenda huko pamoja na wenzake.

Wajumbe walimwona Gavana Douglas, na barua walizozipeleka nyumbani zilijaa furaha. Ardhi ilikuwa ikiuzwa paundi moja kwa ekari. Mwenye ardhi, baada ya kukaa miezi michache, angeweza kupiga kura na kuketi katika baraza la waamuzi mahakamani. Na baada ya miaka saba angeweza kula kiapo na kuwa raia wa Uingereza. Zaidi ya yote, mbele ya hakimu neno lake lingesikilizwa. Kwa makadirio, watu weusi kati ya 600 na 800 waliwafuata wale 35 katika muda mfupi uliofuata.

Usidhani kuwa Gavana alitenda hivyo kwa wema mtupu. Maelfu ya wachimba dhahabu kutoka Marekani walikuwa wakimiminika katika nchi yake, naye alihofu kwamba wangeweza siku moja kupandisha bendera yao. Alihitaji watu watakaoupenda utawala wa Mwingereza kuliko ule wa Marekani. Ni nani angeupenda zaidi ya mtu aliyeambiwa na mahakama ya Marekani kuwa si raia? Mwenyeji alikuwa na haja na mgeni, na mgeni alikuwa na haja na mwenyeji.

Wageni hawakulala. Walikuwa waashi, mafundi seremala, waokaji mikate, vinyozi, wafua nguo, wakulima na wenye maduka. Gibbs alifika mwezi Juni na shehena ya unga, nyama ya kukausha, mablanketi, sururu na mabeleshi, ikauzwa upesi kwa wachimbaji. Punde si punde duka la Lester na Gibbs likawa mshindani wa Kampuni ya Hudson's Bay yenyewe, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imezoea kuuza peke yake.

JEMBE BILA MKEKA

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe walowezi hawa walipewa, wakalima. Lakini mgeni anayelima shambani pamoja nawe, jioni humtandikia mkeka mkaketi pamoja. Mkeka ndio walionyimwa.

Sheria ya koloni haikubagua. Waliobagua ni watu. Wazungu wengi waliokuja kufuata dhahabu walitoka katika Marekani ile ile waliyoikimbia wenzao weusi, na chuki yao hawakuiacha bandarini. Mwanzoni Douglas aliajiri askari polisi weusi; wachimba dhahabu wakakataa katakata kukamatwa na mtu mweusi, fujo zikazuka, na Gavana akawaondoa askari hao. Baadhi ya vilabu vya pombe vilikataa kuwauzia. Hata kanisani palikuwa na ugomvi: mchungaji mmoja alitaka watu weusi wawe na viti vyao peke yao, mwenzake akakataa kuwatenga waumini kwa rangi, na mwishowe ni huyu wa pili aliyeuhama mji.

Mwaka 1861 Gibbs na mkewe Maria walikwenda kwenye maonyesho yaliyoandaliwa kuichangia hospitali, wakaketi katika viti walivyovilipia. Mtu mmoja akawamwagia unga. Tafakari, msomaji, mfanyabiashara mkubwa wa mji, amevaa suti yake, ameketi na mkewe, amekuja kuwasaidia wagonjwa, na unga unamtiririka mabegani mbele ya umati! Tofauti na California ilikuwa moja tu, lakini si ndogo: safari hii alikuwa na haki ya kwenda mahakamani na kusema.

MGAMBO WA WAAFRIKA

Mwaka 1859 ulizuka mgogoro kati ya Uingereza na Marekani juu ya kisiwa kidogo cha San Juan, baada ya Mmarekani mmoja kumpiga risasi nguruwe wa Kampuni ya Hudson's Bay. Vita vilinukia. Mwaka huo huo watu weusi wa Victoria walijitolea kuingia katika kikosi cha zimamoto cha mji, wakakataliwa. Basi wakamwendea Gavana, wakamwambia: kama hatufai kuzima moto, turuhusu tuilinde nchi. Douglas akakubali. Hivyo mwaka 1860 kikaundwa kikosi cha mgambo wa watu weusi watupu, Victoria Pioneer Rifle Corps, ambacho watu wa mitaani walikiita Bunduki za Waafrika. Kilikuwa miongoni mwa vikosi vya mwanzo vya wanamgambo wa kujitolea katika kisiwa hicho.

Walijichangia, wakajenga ukumbi wao wa gwaride, wakaagiza sare kutoka Uingereza, na wake zao wakaandaa tafrija za kukusanya fedha. Bunduki walizopewa zilikuwa kuukuu. Mwaka 1864 Douglas alistaafu, na gavana mpya, Arthur Kennedy, alipowasili, mgambo hawa walizuiwa kushiriki katika gwaride la kumlaki. Gavana aliwapokea kando, akawasifu, na mambo yakaishia hapo. Msaada haukuja, na kikosi kikavunjika. Watu waliojitolea kufa kwa ajili ya mji hawakuruhusiwa kutembea barabarani pamoja na mji huo.

DIWANI GIBBS

Hata hivyo kulikuwa na mlango mmoja ambao haukufungwa kabisa, nao ni sanduku la kura. Katika uchaguzi wa mwaka 1860 kura za watu weusi zilisaidia kumwangusha mwanasiasa machachari aliyejiita Amor De Cosmos, na tokea hapo wanasiasa wakajifunza kuwahesabu. Mwaka 1862 Gibbs aligombea udiwani, akashindwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1866 watu wa kata ya James Bay, ambao wengi wao walikuwa Wazungu, walimchagua kuingia katika Baraza la Mji wa Victoria. Katika baraza hilo aliiongoza kamati ya fedha, wakati ambapo mji ulikuwa umelemewa na madeni. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu amwagiwe unga.

Mwezi Septemba 1868 Gibbs alikwenda katika mji mdogo wa Yale, ulipofanyika mkutano wa kudai koloni lijiunge na Shirikisho la Kanada. Jambo hilo lilitimia mwaka 1871. Hivyo, miongoni mwa watu walioifikisha Kanada kwenye Bahari ya Pasifiki, alikuwamo mng'arisha viatu wa zamani aliyeambiwa kwao kuwa hawezi kuwa raia. Aliyemtuma katika mkutano huo hakuwa mji wa Victoria, bali wakulima wa Kisiwa cha Salt Spring. Na tuvuke sasa tukawaone.

ARDHI YA NANI?

Kutoka kisiwa kikubwa mpaka Salt Spring ni mwendo wa kivuko wa kama nusu saa. Ni kisiwa cha vilima, mabonde na miti ya matunda, na siku hizi wakazi wa mijini hukipenda kwa mapumziko. Tokea mwaka 1859 serikali iliwaruhusu walowezi kuchukua mashamba huko kabla ya kuyalipia, ili mradi wayaendeleze. Watu weusi walikuwa miongoni mwa wa kwanza, wakiwa majirani na Wahawaii na watu kutoka Ulaya.

Mwaka 1860 walifika Louis Stark na mkewe Sylvia, pamoja na watoto wao wadogo na ng'ombe wao. Gati halikuwapo. Ng'ombe walifungwa mikanda, wakateremshwa baharini kutoka melini, wakaogelea mpaka ufukoni. Sylvia alizaliwa mtumwa katika jimbo la Missouri, yapata mwaka 1839. Baba yake, Howard Estes, alipelekwa California na bwana wake kuswaga ng'ombe. Akafanya kazi huko, akajinunua kwa dola 1,000, kisha akawanunua mkewe na watoto wake. Bei ya Sylvia ilikuwa dola 900. Msichana huyo aliyewahi kutiwa bei sasa alisimama katika shamba la kwao, mwenye nyumba, ng'ombe, kuku, ngano na bustani ya matofaa.

Shule ilitafutwa mapema. Mwalimu John Craven Jones, msomi wa Chuo cha Oberlin, alifundisha siku tatu za juma upande mmoja wa kisiwa, na siku tatu upande mwingine, akienda kwa miguu kupitia msituni. Kwa miaka kadhaa alifanya hivyo bila mshahara wa serikali. Matunda yake yalionekana: mwaka 1874 Emma Stark, binti wa Louis na Sylvia, akiwa na umri wa miaka 18, alianza kufundisha karibu na Nanaimo, akawa mwalimu wa kwanza mweusi katika Kisiwa cha Vancouver chenyewe. Mshahara wake ulikuwa dola 40 kwa mwezi. Mama alijiibia elimu kwa kusikiliza masomo ya watoto wa Kizungu. Binti alisimama mbele ya ubao na kulipwa.

Lakini hapa, msomaji, lazima tusimame kidogo. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Wenyeji wa asili wa mwambao huo walikuwa na vijiji, makaburi na mahali pa kuvulia. Mwaka 1862 ugonjwa wa ndui uliletwa Victoria na meli kutoka San Francisco. Watawala wakawafukuza wagonjwa mjini warudi makwao, na ndui ikaenea pwani nzima ikiua maelfu kwa maelfu. Serikali iligawa mashamba ya Salt Spring bila ya kuwalipa wenyewe. Mlowezi mweusi hakuitunga sheria hiyo, wala hakumfukuza mtu kwa mjeledi. Alikimbia dhuluma ya kwao akapewa kilichochukuliwa kwa dhuluma ya mwingine.

Uchungu ulizaa damu. Mwaka 1868 walowezi wawili weusi, William Robinson na Giles Curtis, waliuawa katika vibanda vyao kwa nyakati mbalimbali. Mwenyeji mmoja alinyongwa mwaka 1869 kwa mauaji ya Robinson, kwa ushahidi ambao wanahistoria wa baadaye wameutilia shaka. Mtu mweusi aliyekataliwa kuwa shahidi California, na mwenyeji aliyehukumiwa kwa ushahidi dhaifu huku: yafaa tuwatazame wote wawili kwa jicho moja.

KINYOZI NA FUNDI BATI

Si wote waliobaki pwani. Wellington Delaney Moses, kinyozi, aliifuata dhahabu mpaka mji wa Barkerville, ndani kabisa ya milima ya Cariboo. Mwaka 1866 mwenzake wa safari, Charles Blessing, alitoweka njiani. Baadaye Moses alimwona mtu mmoja, James Barry, akiwa na pini ya dhahabu yenye umbo kama fuvu la kichwa. Kinyozi huyo aliijua pini ile kuwa ni ya Blessing. Akaenda kwa wakubwa, akaeleza. Barry alikamatwa, akahukumiwa, akanyongwa mwaka 1867. Na Moses akashughulikia kaburi la marehemu liwekewe alama. Jambo hili ndilo lililowafanya watu wavuke bahari. California neno la Moses lisingesikika. Hapa, maneno ya kinyozi mweusi yalimfichua Mzungu aliyemuua Mzungu mwenzake.

Kwenye mdomo wa Mto Fraser kipo kisiwa kiitwacho Deas. Jina hilo ni la John Sullivan Deas, fundi bati mweusi aliyetoka South Carolina. Katika miaka ya 1870 alikuwa na kiwanda cha kusindika samaki aina ya samoni katika makopo, na kwa misimu kadhaa alikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa mtoni hapo. Leo maelfu ya magari hupita chini ya mto katika njia iliyochimbwa kando ya kisiwa hicho, na wengi wa wapitao hawajui Deas alikuwa nani.

WALIORUDI NA WALIOBAKI

Vita vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865 na utumwa kufutwa, wengi walifungasha wakarudi. Dhahabu ilikuwa imepungua, biashara imelala, na ndugu zao waliokombolewa Kusini walihitaji walimu, mawakili na viongozi. Gibbs naye aliondoka, akasomea sheria, na mwaka 1873 akachaguliwa kuwa hakimu wa mji wa Little Rock, Arkansas. Mwaka 1897 aliteuliwa kuwa balozi mdogo wa Marekani huko Tamatave, Madagaska, kwenye bahari hii hii ipigayo pwani yetu. Alikaa huko mpaka mwaka 1901, na alifariki dunia mwaka 1915.

Binti yake Ida, aliyezaliwa Victoria mwaka 1862, aliolewa na William Henry Hunt, aliyeurithi ubalozi huo wa Tamatave. Ida Gibbs Hunt alishirikiana na W.E.B. Du Bois katika mikutano ya Umajumui wa Afrika, ule wa Paris mwaka 1919 na ule wa London mwaka 1923. Mkutano wa sita katika mfululizo huo, wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, ulifanyika Dar es Salaam mwezi Juni 1974. Ida hakuuona, alifariki mwaka 1957. Lakini uzi uliofika Dar es Salaam ulipita pia mikononi mwa binti aliyezaliwa katika mji ule mdogo wa walowezi.

Sylvia Stark hakurudi Marekani. Familia ilihamia kwa muda karibu na Nanaimo, na mumewe akafa huko mwaka 1895 kwa kifo kilichoacha maswali. Sylvia alirudi Salt Spring, akaishi na mwanawe Willis, akazeeka akitunza shamba lake. Alifariki mwaka 1944, umri wake umepita miaka 100, akazikwa kisiwani. Mtoto wake mwingine, Marie, aliyaandika masimulizi ya mama yake, na ndiyo sababu leo tunaijua habari ya ng'ombe waliooga baharini na ya zile dola 900.

Waliobaki walikuwa wachache, na kwa miaka mingi mji uliwasahau. Ilipita zaidi ya karne moja tangu meli ya Commodore itie nanga ndipo, mwaka 1972, Rosemary Brown, mzaliwa wa Jamaica, na Emery Barnes walipochaguliwa kuwa wabunge wa kwanza weusi katika Bunge la British Columbia, linalokutana pale pale Victoria.

Basi, msomaji, kukaribishwa si kupokewa. Gavana aliweza kuwapa ardhi na kiapo. Hakuweza kumwamuru jirani asogee kwenye kiti. Nafasi hiyo waliitafuta wenyewe, mahakamani, dukani, mbele ya ubao wa shule na kwenye sanduku la kura, na nyingine hawakuipata mpaka wakafa. Na wao pia hawakuwatandikia mkeka wenyeji ambao ardhi ilikuwa yao. Mambo hayo mawili tuyakumbuke kwa pamoja, kwa sababu hata katika mitaa yetu kila siku yupo anayefika na kifurushi chake begani, na yupo aliyemtangulia hapo. Jembe ni rahisi kumpa mgeni. Tujiulize juu ya mkeka.